Mchicha wa Kiwanja Namba Arubaini na Saba

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Babu Ishaq hutwambia hali ya hewa ya Bremen. Hakuna aliyemuuliza. Hukaa kwenye kiti kinachotazama dirisha, akavaa miwani, akafungua simu, akasema, "Bremen nyuzi nne. Manyunyu, upepo wa magharibi."

Bibi yangu Nasriya, ambaye ni dada yake mkubwa, hutazama nje akasema, "Hapa jua."

Khalafu tunakula.

Bremen ni mji wa kaskazini ya Ujarumani, na Babu Ishaq ameishi huko miaka arubaini na tatu. Alifika na meli akiwa kijana. Meli ilikaa bandarini wiki tatu kwa matengenezo, na ilipoondoka yeye hakuwemo. Ukimuuliza kwa nini, anasema siku hiyo ilikuwa inanyesha na hakutaka kutoka. Akapata kazi kwenye kiwanda cha kukaanga kahawa, akakaanga kahawa miaka thalathini na nne, akastaafu. Aliwahi kuoa Mjarumani, wakaachana kwa wema, na mpaka leo yule mke humpelekea salamu za Idi, ingawa kila mwaka hukosea siku. Mtoto hakujaaliwa.

Sisi tunakaa Sib, nje kidogo ya Maskati, Omani, kwenye nyumba za serikali, upande wa nyuma ya soko. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na Stefania, mwanamke wa Moshi aliyefanya kazi kwa Bibi miaka sita na anayeijua nyumba kuliko wenyewe. Mimi shule sikukaa sana, kwa hivyo mchana nipo, na mtu aliyepo huona mambo.

Babu Ishaq alikuja kwa sababu ya mvua. Mwezi wa Disemba ilinyesha Maskati mchana mmoja. Hapa mvua ikinyesha watu hutoka kwenda kuitazama. Wapo wanaopakia watoto garini wakaenda kusimama kando ya wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto siku ya mvua. Bibi hakwenda mbali, alitoka uwani tu, vigae vimerowa, akateleza, nyonga ikavunjika. Mjomba Hamood, mtoto wa Bibi anayekaa Madinat Sultan Qaboos, ndiye aliyempigia simu Babu, na simu aliiweka sauti ya juu, sote tukasikia.

"Ilikuwaje?" Babu akauliza.

"Alikuwa anatazama mvua."

Bremen mvua inaweza kunyesha wiki nzima na hakuna mtu anayeacha alichokuwa akifanya.

"Alikuwa anaitazama kwa ajili gani?"

"Ilikuwa inanyesha," akasema Mjomba.

Babu akakata tiketi ya wiki sita.

Alikuja na sanduku moja na koti jepesi la mvua lenye mifuko saba. Koti hilo halikai kabatini. Akienda msikitini hulibeba mkononi, akienda sokoni hulibeba mkononi, kwani hali ya hewa hubadilika. Tukaingojea ibadilike. Januari jua. Februari jua. Machi lilitokea wingu asubuhi moja, akalivaa koti, akafika kwenye geti, wingu likawa limeshaondoka. Akarudi akalivua, akasema Bremen nayo iko hivyo hivyo, ila huko wingu likiondoka linakuja jengine.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huzima viyoyozi vyote akafungua madirisha yote ya nyumba, dakika tano, amesimama katikati ya ukumbi na saa yake mkononi. Anasema huko kila mtu hufanya hivyo, hata theluji iwe inaanguka, kwa sababu nyumba nayo inataka kubadilishwa pumzi. Januari hatukusema kitu. Mwezi wa Mei, nje kukiwa na nyuzi thalathini na sita saa hiyo hiyo na nguo zinagandana na mwili, Stefania alisema.

"Mzee, unaipoza Sib yote."

"Dakika tano tu, Stefania."

"Dakika tano na mimi mwenyewe nimeshaiva. Bado mkate."

Jikoni akaweka ndoo tatu za taka: ya maganda, ya plastiki na ya karatasi. Alitufundisha kuchambua. Siku moja akatoka kuzisindikiza mpaka kwenye pipa la mtaa, lori la taka likaja, likamimina vyote pamoja. Alisimama akatazama mpaka lori likapinda kona. Kesho yake akaendelea kuchambua.

Lakini alichokihadithia zaidi ni kiwanja chake.

Huko watu wengi wanakaa kwenye mafleti, hawana ua wala kibaraza. Kwa hivyo nje kidogo ya mji kuna viwanja vimepangwa mstari mmoja baada ya mwengine, kila kimoja na kibanda chake cha mbao, na mtu hukodi chake akalima. Babu Ishaq alikaa kwenye orodha ya kungojea miaka minne akapewa namba arubaini na saba. Kibanda alikijenga mwenyewe. Getini kuna kibao chenye jina lake, na anasema hicho ndicho kitu pekee Bremen kilichoandikwa jina lake na watu wakalisoma bila ya kuuliza linaandikwaje.

Viwanja vina chama, na chama kina sheria. Uzio wa miti usizidi mita moja na robo. Kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana hakuna kelele. Na thuluthi nzima ya kiwanja lazima iwe chakula, mboga au matunda. Anayetaka maua na kiti cha kulalia aende bustani ya jiji.

"Na wanapima?" Stefania aliuliza.

"Wanapima."

"Kwa macho?"

"Kwa futi."

Stefania akasema hao watu hawana kazi. Babu akasema wanazo, ndiyo maana wanapima Jumamosi.

Thuluthi ya Babu sehemu kubwa ni mchicha. Mbegu alipelekewa na Bibi zamani, mimi sijazaliwa, ndani ya barua ya Idi, zimefungwa kwenye karatasi ya shashi. Alizimwaga upande wa kusini, na tangu hapo mchicha hujipanda wenyewe kila mwaka. Jirani wa kiwanja cha arubaini na nane, Frau Behrens, bibi wa miaka sabini na minane aliyekuwa akipeleka barua kwa baiskeli, huuita majani ya Ishaq. Hajapata kuuonja. Anasema unapendeza.

Huyo Frau Behrens ndiye aliyemfundisha Babu hali ya hewa. Alimwambia mwezi wa Aprili asiuamini hata kidogo, kwani jua, mvua, mvua ya mawe na jua tena vinaweza kuja kabla ya chakula cha mchana. Alimwambia ainuse asubuhi: harufu ya kahawa ikifika mpaka kwenye viwanja, upepo ni wa upande fulani na hakutanyesha. Na alimwambia tungule, nyanya za mchuzi, zisitoke nje mpaka ipite tarehe kumi na tano ya Mei, hata jua liwe kali vipi, kwa sababu siku zile za katikati ya Mei jalidi, baridi ile inayogandisha umande, hurudi usiku mmoja ikaua kila kitu. Mwaka wa kwanza Babu hakumsikia. Akapanda mwanzo wa mwezi, zikafa zote. Tangu hapo tarehe hiyo kwake ni kama tarehe ya sherehe.

Mwezi wa Aprili Frau Behrens alimpelekea picha ya barua. Babu aliitafsiri pale pale mezani, neno kwa neno, kama taarifa ya khabari. Ukaguzi wa viwanja ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, saa tano asubuhi. Mwenye kiwanja aliyepewa onyo mwaka jana, akipata la pili, kiwanja kinarudi kwa chama na kupewa wa kwanza kwenye orodha.

"Wewe ulipewa onyo?" Bibi aliuliza.

"La uzio. Na ndani yake magugu ya upande wa kusini. Uzio niliukata siku ile ile."

"Na magugu?"

"Niliyatafuta. Niling'oa mawili matatu ya njiani."

Bibi akakoroga chai yake, ingawa haitii sukari tangu daktari amkataze.

Zile wiki sita zilikuwa zimeshapita zamani, na tiketi ameisogeza mara mbili. Sasa akaisogeza mara ya tatu, akaweka tarehe ishirini na nane Aprili, ili awahi kuandaa kiwanja. Akamwambia Frau Behrens anakuja. Akalipangusa koti.

Sasa niseme nilichokiona.

Hospitali walimpa Bibi mkongojo wa miguu minne, ule unaoukamata kwa mikono miwili, ukausogeza mbele, ukapiga hatua, ukausogeza tena. Babu akiwepo, Bibi hutembea nao pole pole, tak, tak, na akifika hushusha pumzi. Mwanzoni mwa Aprili, Babu alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, mimi nimejilaza nyuma ya kochi kwenye baridi ya vigae. Bibi akainuka kitini. Akaenda jikoni. Akarudi na kaimati mbili, moja kila mkono, akakaa. Mkongojo ulikuwa umesimama karibu na televisheni, hata haukuguswa. Akaniona.

Akanipa kaimati moja.

Siku mbili baadaye nikawasikia jikoni yeye na Stefania.

"Bibi, huo mguu umepona," Stefania anasema.

"Umepona nusu."

"Nusu ipi?"

"Nusu ya mchana."

Stefania akacheka, khalafu akaacha. "Na Mzee akijua?"

"Akijua anaondoka. Ana miaka sitini na sita, Stefania. Mke hana, mtoto hana. Ana bustani. Bustani ndiyo inayomrudisha kule. Wakiichukua, atakaa."

"Si umwambie tu akae?"

"Nimwambie yeye? Miaka arubaini na tatu namwambia, na kila nikimwambia ananijibu nyuzi ngapi."

Nikarudi nyuma ya kochi.

Tarehe ishirini na sita Aprili mguu ukarudi kuuma. Bibi hakusema asiondoke. Alisema, "We nenda tu, mimi ntakuwa na Stefania," akaingia chumbani na mkongojo, tak, tak, tak, akapumzika mara mbili njiani, na njia yenyewe ni hatua kumi na moja. Babu alisimama ukumbini muda. Khalafu akaifungua simu akaifuta tiketi.

Tangu siku hiyo kiwanja akakilima kwa simu. Huku kwetu nyuzi arubaini na moja, tunamsikia chumbani anasema Kijarumani taratibu, khalafu anatoka kutueleza: "Usiku huu Bremen nyuzi mbili. Nimemwambia Frau Behrens afunike maharage."

"Afunike na nini?" Bibi akauliza.

"Kuna mablanketi kwenye kibanda."

"Maharage yanalala na blanketi," akasema Bibi. "Hapa jua."

Na ilipofika katikati ya Mei mikono ikamwasha. Alinunua miche kumi na mbili ya tungule na pakiti ya mbegu kwa muuzaji mmoja sokoni ambaye alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akaiweka ndani ya nyumba, akangojea. Tarehe kumi na sita Mei, asubuhi, baada ya kufungua na kufunga madirisha, akaitoa uwani akaipanda mstari ulionyooka, akatia maji, akafunga kila mche kwenye kijiti chake. Alikuwa na furaha siku hiyo. Alisema jalidi imeshapita.

Tarehe kumi na tisa haukuwepo hata mmoja. Vilibaki vijiti, na kwenye kila kijiti uzi umefungwa vizuri.

Jirani yetu Awadh, mwenye shamba Barka, alichungulia kutoka kwenye geti. "Shekhe Ishaq, unafanya nini?"

"Nimepanda tungule."

"Sasa?"

"Baada ya tarehe kumi na tano."

Awadh alimtazama Bibi kama mtu anayetaka kusaidiwa. Bibi alikuwa anatazama barabara. "Huku kwetu tungule tunapanda Oktoba," akasema Awadh. "Oktoba mpaka Machi unakula. Sasa hivi hata sisi wenyewe tusingepandwa tukashika."

Alipoondoka, nikamuuliza Bibi kwa nini hakumwambia mapema.

"Hakuuliza," akasema. Lakini jioni nilimwona anaingiza mbegu zilizobaki kwenye chupa tupu ya hiliki, akaiweka kabati la juu.

Ikaja Jumamosi ya ukaguzi. Bremen saa tano asubuhi, kwetu saa saba mchana. Babu alikuwa ameshaswali, amevaa kanzu safi, na juu ya kiti ameliweka koti. Kibao cha kutazamia picha, yaani tableti, tumekiegemeza kwenye birika la kahawa, Bibi yuko kitini, mkongojo mbele yake. Stefania alikuwa ameinjika mchicha wa nazi kwa ajili ya chakula, na nyumba nzima inanukia. Usiku wa jana yake Babu alisema kwamba kama kiwanja kitaondoka, asingependa kibanda kivunjwe.

Frau Behrens akatokea, nywele nyeupe, koti la manjano, anaizungusha simu yake tuone mawingu. "Nyuzi kumi na nne," Babu akatwambia. "Inakuja mvua." Khalafu wakaingia wakaguzi watatu getini: mwenyekiti ambaye ni mzee mrefu mwenye futi ya mbao, mwanamke mwenye makaratasi, na kijana aliyeshika mwavuli ambao bado haujafunguliwa. Babu akawasalimia. Mwenyekiti akainama kidogo kwenye simu.

Walianza na uzio. Futi ikasimamishwa.

"Mita moja na sentimita ishirini na tatu," Babu akasema. Akajipangusa kipaji cha uso.

Wakapita kwenye maharage, yako hai. Saladi, ipo. Vitunguu, vipo. Babu alikuwa anatutafsiria kila kitu bila ya kuombwa, kama anavyofanya na mvua. Khalafu wakafika upande wa kusini, na tukauona mchicha, umefika magotini, majani mapana, mengine mekundu katikati. Mimi sijawahi kuuona mchicha mzuri vile.

Mwenyekiti akauelekezea futi akasema neno moja.

Babu hakutafsiri.

"Kasema nini?" Bibi akauliza.

"Kasema magugu."

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapo si mchicha?"

"Ndiyo mchicha, dada."

"Basi mwambie."

Babu akamwambia, kwa maneno mengi na taratibu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Anasema anaujua huu mmea," Babu akasema. "Kwao walikuwa wanaung'oa kwenye viazi. Anasema ndio huu huu walionipa onyo mwaka jana." Akaisogelea picha. "Kumbe mwaka jana ni huu."

Frau Behrens akaingilia kwa sauti kubwa. Mwanamke wa makaratasi akamuuliza kitu, naye akajibu kwa sauti ndogo.

"Frau Behrens kawaambia mimi nnakula huo mchicha. Wamemuuliza kama yeye keshaula." Babu akavua miwani. "Kasema hapana."

Mvua ikaanza kule, tukaisikia inapiga mwavuli. Mwanamke akageuza karatasi akaanza kuandika.

"Anaandika nini?" akauliza Stefania kutoka mlango wa jiko.

"Anaandika," akasema Babu. Alivaa tena miwani, akakaa wima, mikono juu ya magoti, kama watu wanavyokaa kwa daktari.

Mimi nilimtazama Bibi. Alikuwa amekipata alichokitaka. Ilibaki akae kimya dakika mbili, pengine dakika moja. Alikuwa anakitazama kile kibao, na midomo yake inatembea kidogo.

"Magugu," akasema. "Mbegu nimempelekea mimi."

Akainuka. Akaupitia mkongojo ubavuni, kwa sababu ulikuwa umemzibia njia, akaingia jikoni. Tukasikia mfuniko. Akatoka na sufuria, kaishika huku na huku kwa kitambaa, inatoka moshi, anakwenda mbio mbio kwa sababu ni ya moto. Hatua kumi na moja. Akasimama mbele ya kibao akaiinamisha sufuria mpaka Babu akalazimika kulikamata birika lisianguke.

"Mwambie atazame," akasema.

Babu alikuwa anamtazama yeye.

"Ishaq, mwambie atazame. Mvua inawanyeshea."

Babu akawaambia. Mwenyekiti akaisogelea simu, uso wake ukajaa kibao kizima, matone kwenye miwani. Huku kwetu moshi wa sufuria umeziba kioo. Bibi akachota kijiko, akapuliza, akala, akatafuna mbele ya chama kizima.

"Mwambie hiki ndicho chakula cha leo. Na jana kilikuwa hiki. Na mama yetu katulea kwa hiki."

Babu akatafsiri. Kule pakawa na mazungumzo, vichwa vitatu chini ya mwavuli mmoja na Frau Behrens nje yake.

"Wanauliza unapikwa na nini."

"Nazi, kitunguu, tungule moja, chumvi. Asitie maji mengi."

Babu akasema. Mwanamke akaandika.

"Sasa anaandika nini?" akauliza Stefania.

"Nazi," akasema Babu.

Mwenyekiti akapiga hatua kupima upande wa kusini, moja mbili tatu, viatu vinazama, akarudi, akasema maneno machache. Babu aliyasikiliza mpaka mwisho ndipo akatwambia. Imehesabiwa mboga. Thuluthi imetimia. Hakuna onyo. Ila kabla ya mwisho wa mwezi pawekwe kibao chenye jina la mmea, ili mwakani wasianze upya. Frau Behrens akauliza jina linaandikwaje, Babu akamtajia herufi moja moja. Khalafu mvua ikazidi, wote wakakimbia, na picha ikakatika ikiwa inaonyesha majani.

Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Bibi alikuwa bado amesimama na sufuria yake, na hapo ndipo nadhani alipojiona alivyo. Stefania akaja akampokea sufuria bila ya kumtazama mtu.

Babu akainuka, akauchukua mkongojo, akaugeuza chini juu, akaikagua ile mipira ya miguuni kama mwenyekiti alivyokagua uzio. Ilikuwa kama mipya. Akaukunja, akaupeleka akauegemeza mlangoni karibu na viatu.

"Huu urudi hospitali," akasema. "Kuna watu wanauhitaji."

"Urudi," akasema Bibi, akakaa.

"Tangu lini?"

"Aprili."

"Mwanzo au mwisho?"

"Mwanzo."

Akatikisa kichwa, kama vile kasomewa nyuzi za leo. "Na tiketi yangu niliifuta mwisho."

"Najua."

"Nilikaa kwa ajili yako, dada."

"Najua. Ndiyo maana."

"Ungeniambia kaa."

"Ningekwambia, ungekaa?"

Babu alifikiri. Yeye akiulizwa kitu hufikiri kweli, hata kama ni kuhusu sukari. "Ningeangalia tarehe," akasema.

"Basi."

"Na wewe ungeinyamazia leo, ningekaa bila ya kuangalia."

"Kakwita mla magugu," akasema Bibi. "Mbele ya watu."

Stefania akapakua. Tukala wali, samaki na ule mchicha uliokwenda Ujarumani ukarudi, umepoa kidogo. Babu alikula akarudia. Kati ya sahani ya kwanza na ya pili aliifungua simu akabonyeza bonyeza, na sote tukajua anachokibonyeza, kwa sababu alikuwa anatazama tarehe na si mawingu.

"Lini?" akauliza Bibi.

"Jumanne. Niweke kile kibao mwenyewe. Frau Behrens ataandika kwa rangi, mvua itafuta."

"Jumanne." Bibi akautenganisha mwiba wa samaki, akauweka pembeni. Khalafu akauliza kitu ambacho, tangu nimpate Babu Ishaq kwenye simu utotoni mpaka leo, sijawahi kumsikia akimuuliza. "Na kule kunaisha lini?"

"Kunaisha nini?"

"Kulima."

"Oktoba. Baridi ikianza chama kinafunga maji ya viwanja, kuogopa mabomba yasipasuke. Hakuna kazi yoyote mpaka Machi. Mtu anakaa fletini tu anatazama dirisha."

"Oktoba mpaka Machi," akasema Bibi.

"Oktoba mpaka Machi."

"Awadh anasema hapa ndiyo wakati wa tungule."

Babu akaacha kutafuna. Alitazama uwani, kwenye vile vijiti kumi na viwili ambavyo hakuna aliyeving'oa, na kila kimoja na uzi wake.

"Alisema," akajibu.

"Mbegu zako nimezitia kwenye chupa ya hiliki, kabati la juu." Akamsogezea sufuria. "Na hilo koti huku uliache. Unalibeba tu."

"Bremen kuna mvua, dada."

"Basi lichukue," akasema Bibi. "Lakini urudi nalo."